Shotigani ya Mitutu Miwili Ni ya Nyumba Gani?

Wasee, leo acha tuongee kuhusu bunduki. Si zile za muvi na si zile za makarao. Naongea kuhusu shotigani ya mitutu miwili, ile bunduki ya marisau unayoikunja katikati kama kitabu, unaweka risasi mbili, unaifunga, imeisha hiyo. Siku hizi video za Wamarekani wakieleza vile mtu anafaa kuchagua moja ya kulinda nyumba zimejaa kwa simu za watu wa rika letu, na tunazitazama vile tunatazama za viatu. Hii ni safi, hii ni ya kishamba, hii ningebeba. Mitutu ikae ubavu kwa ubavu ama mmoja juu ya mwingine? Mirefu ama mifupi? Namba 12 ama namba 20?

Hayo maswali si ya kijinga. Shida ni kwamba yanaanzia katikati ya stori. Swali la kwanza ni nyumba yenyewe: iko wapi, kuta zake ni za nini, nani analala ndani, na sheria ya hapo inasema nini ukishafyatua. Maoni yangu ni kwamba hii bunduki ni nzuri kwa kazi yake, lakini ushauri tunaopewa umetengenezewa nyumba ambayo wewe na mimi hatuishi.

Nianze na sifa zake, ndio mtu asiseme naogopa chuma tu.

Uzuri mkubwa wa mitutu miwili ni kwamba haifichi kitu. Bastola ya magazini inaweza kukudanganya: unatoa magazini, unaamini iko tupu, kumbe risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Watu wamekufa hivyo, na wengine walikuwa wanaisafisha tu. Shotigani ya kukunja ukiifungua unaona mwenyewe. Inua uangalie kupitia mitutu, kama ni tupu utaona mwanga upande wa pili. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukuambia kama ina risasi ama haina. Na ikiwa imekunjwa wazi hivyo, haiwezi kulipuka. Ndiyo maana wawindaji wakitembea pamoja wanaibeba ikiwa imefunguliwa juu ya mkono: kila mtu anaona hakuna hatari.

Pili, ni kama bunduki mbili ndani ya kitako kimoja. Nyingi, hasa zile za zamani zenye triga mbili, kila mtutu una mashine yake. Upande mmoja ukigoma, mwingine bado unafanya kazi. Hakuna risasi ya kukwama katikati, hakuna springi ya magazini ya kuchoka. Mtu ambaye hafanyi mazoezi kila wiki, na ukweli ni kwamba wengi hawafanyi, atakumbuka vile inafanya kazi hata akiwa na usingizi.

Kuhusu namba, acha nikuondolee hiyo siri juu wengi hudhani 20 ni kubwa kuliko 12. Ni kinyume. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe iwe mipira 12 inayolingana: mpira mmoja ndio unatoshea mtutu wa namba 12, karibu milimita 18.5. Ukiigawa mipira 20, kila mpira unakuwa mdogo, na mtutu unakuwa mdogo, kama milimita 15.6. Namba 12 inapiga bega vibaya, hasa bunduki ikiwa nyepesi. Namba 20 ni ya upole zaidi na bado ni hatari kabisa kwa umbali wa chumba. Wale wa kusema namba 20 ni ya wasichana wanaongea tu. Mtu anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho akifyatua, na sijui ungependa kuwa wapi wakati jamaa amefumba macho.

Ubavu kwa ubavu ama juu na chini? Kusema kweli, kwa usiku ndani ya nyumba haibadilishi kitu cha maana. Ile ya juu na chini inapendwa na watu wa kulenga sahani za udongo juu unaona mstari mmoja mbele ya jicho. Ya ubavu kwa ubavu ni ya kizamani, na mara nyingi ndiyo utakuta kwa familia zilizorithi. Nimemaliza hiyo.

Sasa uongo wa muvi. Kwanza ile sauti ya cha-chak ambayo wanasema mwizi akiisikia tu anahama kaunti. Hiyo ni ya shotigani ya kuvuta pampu. Ya mitutu miwili inafunga na sauti ndogo kama mlango wa gari. Pili, ati shotigani hauhitaji kulenga, marisau yanajaza chumba chote. Zii. Marisau yakitoka yanatawanyika polepole. Wanaojua hukadiria kama inchi moja kwa kila hatua moja ndefu, na mtutu wenye kibano mdomoni unayabana zaidi. Ndani ya sebule, mita tatu ama nne kutoka kwako, bado yako pamoja kama ngumi. Ukikosa, umekosa yote. Na yale uliyokosa nayo hayapotei hewani, yanaenda mahali.

Hiyo ndiyo sehemu video zinapita haraka. Nyumba nyingi za Marekani ukuta wa ndani ni bodi ya jipsamu, na wao wenyewe hubishana kama marisau makubwa ya kuwinda paa yatapita hadi chumba cha watoto. Jibu ni ndiyo, yanapita, tena kuta kadhaa. Lakini angalau wengi wao wana uwanja kati yao na jirani. Sasa leta hiyo bunduki hapa. Ploti ya mabati Mukuru ama Mathare, ukuta ni bati moja. Hilo bati halizuii marisau makubwa hata kidogo. Nyuma yake kuna kitanda, na kwa kitanda kuna watu watatu, na nyuma yao bati lingine na kitanda kingine. Ploti ya mawe nayo, mawe yatazuia, sawa. Ila chumba ni futi kumi kwa kumi, kitanda kimechukua nusu, kuna meko ya gesi na mtungi pale kona, na bunduki yenyewe ikiwa ya kuwinda ina urefu wa zaidi ya mita moja. Jaribu kugeuka na mpini wa jembe ndani ya bedsita usiku bila stima, halafu unishow.

Kuna wale watasema basi nitakata mitutu iwe mifupi. Hapo umehama kutoka kwa mambo ya ulinzi. Hata Marekani, ambako karibu kila kitu kinaruhusiwa, mtutu wa shotigani ukiwa chini ya inchi 18 unaingia kwa sheria ya 1934 iliyowekwa enzi za magenge, na lazima usajiliwe na serikali kuu. Hapa Kenya usifikirie hata.

Turudi kwa ile namba nyingine ambayo ni muhimu kuliko zote: mbili. Risasi mbili. Februari 2013 Joe Biden, wakati huo akiwa makamu wa rais, aliambia Wamarekani kwamba hawahitaji bunduki za kijeshi nyumbani, wanunue shotigani. Akasimulia vile alimshauri mkewe Jill: kukiwa na shida, toka na ile ya mitutu miwili uende kwa roshani, ufyatue mara mbili nje. Watu walicheka, wengine wakasifu. Lakini hesabu na mimi. Bunduki ina risasi mbili. Umefyatua mbili hewani. Sasa umesimama nje, usiku, na fimbo ya gharama. Na mwaka huo huo, mjini Vancouver jimbo la Washington, mwanaume mmoja alifyatua hewani kufukuza watu aliodhani wanavunja magari yake, akashtakiwa, na akajitetea kwamba amefuata ushauri wa makamu wa rais. Ushauri wa mwanasiasa hauingii kortini nawe.

Sasa nieleze kwa nini hii mada imenikalia kichwani, juu sio video tu.

Mjomba wangu ana shamba upande wa Trans Nzoia. Boma liko mwisho wa barabara ya matope, jirani wa karibu unamuona kwa moshi. Mwaka jana walikuja watu usiku, wakafungia familia kwa nyumba kwa nje, wakaenda na ng'ombe wanne. Polisi walifika asubuhi, na sitawalaumu sana, mvua ilikuwa imenyesha na hiyo barabara hata trekta inalia. Tangu hapo mjomba halali. Na kwa mkutano wa familia akasema anataka kuomba leseni anunue shotigani ya mitutu miwili, ile ya marehemu rafiki yake mzee fulani, ambayo familia ya huyo mzee iko tayari kuuza kwa njia halali. Wazee wakakubali. Sisi vijana tukaulizwa tunaonaje, na kwetu hiyo si kawaida.

Mimi sikusema hapana. Mtu ambaye amefungiwa ndani akisikiliza mali yake ikienda, usimletee hotuba ya amani kutoka Nairobi. Kama kuna Mkenya ambaye hii bunduki inaweza kumfaa, ni yeye: shamba kubwa, polisi mbali, hakuna ukuta wa jirani, na watu ambao tayari wamekuja mara moja. Nilimwambia mambo mengine.

La kwanza ni hiyo bunduki yenyewe. Shotigani za zamani za Kiingereza ziliachwa na walowezi, zikapita mikononi, na zingine bado ni nzuri kuliko za dukani. Lakini nyingi zilitengenezewa risasi fupi za inchi mbili na nusu. Risasi za leo nyingi ni ndefu zaidi, inchi mbili na robo tatu ama hata tatu. Mtego ni kwamba ile ndefu inaingia tu vizuri, juu mdomo wake umekunjwa, na unafunguka wakati wa kufyatua. Hapo unakosa nafasi, presha inapanda, na mtutu wa miaka themanini uko sentimita chache kutoka kwa vidole vyako vya kushoto. Kuna zingine za zamani zaidi ambazo mitutu yake ilisukwa kwa vyuma vilivyosokotwa, unaona michoro kama ya mbao. Zinapendeza ukutani. Hizo usiweke risasi ya kisasa bila fundi wa bunduki kuziangalia. Alama zilizopigwa chini ya mitutu, za nyumba za majaribio za London ama Birmingham, ndizo zinasema ilijaribiwa kwa nguvu gani. Mjomba alikuwa ameangalia kitako tu. Kilikuwa kinang'aa.

Angalia pia kama inatikisika ukiifunga. Angalia sefti: nyingi za aina hii zinajirudisha kwa usalama kila ukiikunja, zingine hazijirudishi, na ni lazima ujue yako ni gani kabla ya usiku ule. Na kama kwa hilo boma shangazi ndiye huwa peke yake mjomba akienda sokoni Kitale, basi bunduki inachaguliwa kwa bega la shangazi na urefu wa mkono wa shangazi, tena jina la shangazi ndilo linafaa kuwa kwa cheti. Kwa sheria yetu cheti ni cha mtu, si cha nyumba. Hapo wazee walikohoa kidogo.

Jambo la pili nililifanya kwa vitendo. Nilimwambia mjomba: chukua ule mwavuli mrefu, ufungie kwa kabati. Funguo weka mahali ungeweka. Chukua betri mbili za redio, hizo ni risasi, fungia kwa sanduku lingine chumba kingine, juu hivyo ndivyo silaha inafaa kuwekwa na sheria inakutaka uihifadhi salama. Usiku saa nane binamu atagonga bati la zizi. Tutapima saa. Basi tukafanya. Kutafuta tochi, kutafuta funguo, kufungua, kwenda kwa sanduku, kurudi mlangoni: dakika tatu na kitu, na hiyo ni mtu aliyejua tutagonga. Ng'ombe wangekuwa barabarani.

Akasema basi itakaa chini ya kitanda, ikiwa na risasi.

Na hapo ndipo uchaguzi wenyewe uko. Haiko kwa namba 12 na 20. Bunduki iliyofungiwa ni salama na ni ya polepole. Bunduki iliyo tayari ni ya haraka, na iko tayari kwa kila mtu anayeingia hicho chumba. Likizo zikifika hilo boma lina wajukuu saba. Watoto wa Nairobi, wa kupekua. Na kuna mmoja wetu, mkubwa kidogo, ambaye mwaka jana hakuwa sawa kabisa kichwani. Siandiki zaidi ya hapo. Lakini kwa nchi yenye bunduki nyingi kuliko zote duniani, Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki kila mwaka si vya majambazi wala wenye nyumba. Ni vya watu waliojiua. Mtu aliye kwa giza la usiku mmoja, akikosa njia ya haraka, mara nyingi anafika asubuhi. Shotigani chini ya kitanda ni njia ya haraka. Hilo nilimwambia mjomba tukiwa wawili nje, si mbele ya mkutano, na ndilo jambo pekee lililomnyamazisha.

Halafu kuna makosa ya gizani. Unakumbuka Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini? Tarehe 14 Februari 2013, nyumbani kwake Pretoria, alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo akisema alidhani ni mwizi. Ndani alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mahakama ya kwanza ilisema aliua bila kukusudia. 2015 mahakama ya rufaa ikasema ni mauaji. Ilikuwa bastola, sawa, lakini somo la mlango ni lile lile. Binamu zangu huingia kwa hilo boma saa sita usiku wametoka kuangalia mpira sentani. Nani atawauliza jina kwanza?

Tufike kwa sheria, juu hapa ndipo video za Marekani zinaweza kukupeleka jela moja kwa moja. Kwao kumiliki bunduki ni haki ya katiba. Katiba yetu ya 2010 haina kitu kama hicho. Chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, hauruhusiwi kununua wala kuwa na bunduki ama risasi bila cheti, na kupata cheti lazima Bodi ya Leseni za Bunduki iridhike kwamba uko na sababu nzuri na wewe ni mtu wa kuaminika. Cheti kinaweza kutolewa na kinaweza kuchukuliwa. Desemba 2018 waziri Fred Matiang'i aliagiza kila raia mwenye leseni akaguliwe upya, wakubwa kwa wadogo, na watu waliokuwa wakivaa bastola kwa arusi walipanga foleni.

Wakati huo huo, shirika la Small Arms Survey la Geneva lilikadiria kwamba kufikia 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na karibu zote hazijasajiliwa. Kwa hivyo ndiyo, wakora wako na chuma bila cheti huku mjomba akijaza fomu. Inauma. Nchi hii imekuwa na hiyo stori tangu zamani: mlowezi alikula chakula cha jioni bunduki ikiwa mezani, na Dedan Kimathi alihukumiwa kunyongwa kwa kupatikana na bastola na risasi. Lakini kuuma kwake hakubadilishi kitakachokupata ukipatikana nayo.

Na ukiwa na cheti, je, unaweza kumfyatulia mwizi? Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mambo ya kujilinda na kulinda mali yataamuliwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Soma tena. Si ya Texas, ni ya Uingereza. Basi usitazame video ya Texas, tazama kesi ya Tony Martin. Agosti 1999, mkulima wa Norfolk, anaishi peke yake, amelalamika ameibiwa tena na tena. Wakaingia wawili usiku. Akafyatua shotigani ya pampu ambayo hakuwa na cheti chake. Fred Barras, miaka 16, alikufa akiwa amepigwa mgongoni. Martin alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka wa 2000. Rufaa ya 2001 ikapunguza kuwa kuua bila kukusudia, na si kwa sababu alikuwa na haki ya kufyatua, ni kwa sababu ya hali yake ya akili. Alitoka 2003.

Ukitafsiri hiyo kwa boma la mjomba: mtu anayekujia na panga ndani ya nyumba ni kitu kimoja. Mtu anayekimbia na ng'ombe wako, amekupa mgongo, ni kitu kingine kabisa. Na yaliyompata mjomba ni hayo ya pili. Ile bunduki anayoitamani, kwa usiku ule ule uliomfanya aitamani, hangeruhusiwa kuitumia vile anawazia.

Najua mtu ataniambia Westgate. Ni kweli. Septemba 2013 raia wenye leseni waliingia ndani kabla ya vikosi kujipanga, na Abdul Haji akiwa na bastola yake alisaidia kuokoa watu, dunia nzima iliona. Namheshimu kabisa. Lakini huyo alikuwa mtu mzima aliyejua silaha yake, mchana, mbele ya watu wanaoua waziwazi. Hakuwa mtu ametoka usingizini anatafuta slipa.

Kwa hivyo kwa wale wa ploti, jibu langu ni hapana, na halina ukali. Haiko kwa ajili ya nyumba zetu. Usiku wetu unalindwa na vitu visivyo na video: mlango wa chuma wenye komeo la ndani, kufuli ambalo halikatwi na koleo la mia mbili, taa ya ngazi ambayo mwenye ploti anakataa kubadilisha balbu, soja anayelipwa kwa wakati, na kujua jina la jirani wa mlango wa pili ndio ukipiga mayowe ajue ni wewe. Mwenye ploti asipoweka taa, changeni. Ni bei ya soda kila mtu.

Kwa mjomba, tulikubaliana hivi. Kwanza pesa ziende kwa zizi: lihamishwe karibu na dirisha la chumba chake, mlango wa miti ubadilishwe uwe wa chuma, taa mbili za sola, na mbwa wawili ambao hawatalishwa wakashiba sana. Mlango wa nyumba uwekwe komeo ambalo haliwezi kufungwa kwa nje, juu hiyo ndiyo ilimuuma kuliko ng'ombe wenyewe. Fomu ya leseni ameshajaza, hiyo ni haki yake kuomba. Lakini sefu inunuliwe na kushikiliwa ukutani kabla ya bunduki kufika, funguo ziwe mbili, kwake na kwa shangazi, na likizo zote risasi zikae nje ya boma, kwa mtu mwenye leseni yake. Fundi wa bunduki aipime mitutu kabla pesa haijatoka. Shangazi aende mazoezi pamoja naye ama ombi lifutwe.

Zizi limeisha wiki mbili zilizopita. Mbwa mmoja tayari amemng'ata mtu wa maziwa. Barua ya Bodi bado, na mjomba anasema siku hizi analala hadi saa kumi.